Injini za moshi za Nairobi zinahitaji watu wa kujitolea, na wazee wetu bado wapo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumzie zile injini za moshi zilizolala pale makumbusho ya reli Nairobi. Habari za reli ninazosoma siku hizi ni SGR, mkopo, nauli, tena SGR, na sikatai hayo ni mambo mazito, lakini sijaona mtu akiuliza habari za wazee walioziendesha na kuzitengeneza zile injini za zamani, na hao wazee wanatutoka mmoja mmoja na ujuzi wao wanaenda nao.

Mimi nimelelewa landhi za reli, yaani nyumba za wafanyakazi wa reli, pale Voi, baba yangu mdogo alikuwa fayamani, mtu wa kuchochea moto wa injini. Sasa hivi naishi Birmingham, na nikipata wikendi nafunga safari hadi Tywyn, mji mdogo wa pwani huko Wales, kwenda kujitolea kwenye reli inaitwa Talyllyn. Reli yenyewe ni ndogo, urefu kama kilomita 12 tu, na upana wake milimita 686, yaani haifikii hata ile mita moja ya reli yetu ya zamani. Ilifunguliwa mwaka 1865 kuteremsha mawe ya kuezekea kutoka machimbo ya mlimani. Biashara ya mawe ikafifia, mwenye reli Sir Haydn Jones akawa anaiendesha tu kwa sababu aliahidi haitafungwa akiwa hai, na kweli alipofariki Julai 1950 kila mtu akajua hapo ndio mwisho.

Sasa sikiliza wananchi walifanya nini. Oktoba mwaka huo huo wakaitana mkutano hotelini hapa hapa Birmingham, wakaunda chama, na Mei 1951 treni ya kwanza ya hicho chama ikatoka stesheni. Hakuna wizara iliyowapa hela, hakuna mfadhili mkubwa, walikuwa watu wa kawaida wenye kazi zao za wiki nzima. Na hali waliyoikuta ilikuwa ya kutisha, mataruma, yale magogo yanayolazwa chini ya reli, yameoza, nyasi ndizo zilizokuwa zimeshikilia reli zisitawanyike, na injini iliyoweza kutembea ilikuwa moja tu, Dolgoch, iliyoundwa mwaka 1866. Ikabeba msimu mzima peke yake. Wakatafuta injini nyingine mbili kutoka reli ya jirani iliyokuwa imefungwa, wakauziwa pauni 25 kila moja, na mpaka leo zipo. Hiyo ndiyo reli ya kwanza duniani kuokolewa na watu wa kujitolea, na baada ya hapo Uingereza nzima ikaiga.

Watu wengi nikiwaelezea wanadhani kazi yenyewe ni kuvaa kofia ya gadi na kupuliza filimbi, lakini kazi kubwa iko wakati wa baridi, abiria wakiisha. Kuanzia Januari wengine wako njiani wanabadilisha mataruma kwenye mvua na matope, wanakokoa kokoto, wanasafisha mitaro, na wengine tuko karakana ya Pendre ambapo injini imefumuliwa yote, magurudumu kule, boila huku. Kawaida ya huku boila ya injini ya moshi inakaguliwa kila mwaka, na ikitimiza kama miaka 10 lazima ifunguliwe kabisa, mabomba yatolewe yote, chuma kipimwe unene, ndio upate kibali kingine. Hakuna cha kubahatisha hapo manake boila ikipasuka inaua.

Kuna kitu mzee mmoja mstaafu alinionyesha ambacho sijakisahau. Tanuri ya injini ina kuta mbili, katikati kuna maji, na hizo kuta zimeshikwa na vyuma vifupi vingi sana vimepangwa safu kwa safu, moja ikikatika kwa ndani huioni kwa macho. Akanipa nyundo ndogo, akaniambia niingie ndani ya tanuri nigonge moja moja huku nasikiliza. Nzima inalia, sauti inarudi kali, mkono unasikia nyundo inaruka. Iliyokatika inatoa sauti butu imekufa kabisa. Nikagonga safu ya kwanza, ya pili, nikafika kwenye moja nikasita, yeye kule nje hata hajaangalia akasema hiyo hiyo, weka alama ya chaki. Sasa huo ujuzi utausoma kitabu gani? Unatoka sikio la mtu mmoja kwenda la mwingine, na lazima wote wawili wawe hai na wawe karakana moja.

Na hapo ndipo roho yangu inaniuma nikikumbuka nyumbani, manake baba yangu mdogo na wenzake walikuwa na masikio ya namna hiyo, tena kwa injini kubwa kuliko zozote nilizozishika mimi.

Pesa zinatoka wapi? Kwenye misimu, hilo ndilo nataka wasomaji walishike. Treni ya kawaida ya abiria peke yake haitoshi kununua boila, kwa hiyo kalenda nzima inapangwa kufuata watu wako wapi na wanataka nini. Pasaka watoto wako likizo, treni zinaanza. Kiangazi watalii wanajaa. Agosti kuna mbio zinaitwa Race the Train, zimeanza mwaka 1984, wakimbiaji wanashindana na treni yenyewe kutoka Tywyn mpaka Abergynolwyn na kurudi, wanapita mashambani kando ya reli kwenye tope, wao wanakimbia na ndani ya mabehewa ndugu zao wanapiga kelele madirishani, mji mzima unachangamka, na vyumba vya kulala vinapatikana kwa taabu. Halafu Desemba ni treni za Krismasi. Hizo mvua inyeshe isinyeshe zinajaa, kina mama wa kujitolea wanapika na kufunga zawadi, baba Krismasi anapita behewa hadi behewa anamuuliza kila mtoto jina lake, na kila tiketi inayouzwa siku hiyo ni bomba la boila au taruma la Januari. Mtoto hajui hilo, lakini mzazi wake ameshachangia.

Mhariri, kuna la pili linalotuhusu moja kwa moja. Huko huko Wales kaskazini, reli ya Welsh Highland kutoka Caernarfon hadi Porthmadog inavutwa na injini za Garratt zilizoletwa kutoka Afrika Kusini, zile zenye boila katikati na magurudumu mafungu mawili mbele na nyuma. Nyingi ziliundwa Manchester na kampuni ya Beyer Peacock, zikafanya kazi Afrika, zikastaafu, watu wakazirudisha wakazifufua na sasa zinapanda milima ya Wales zimejaa abiria. Na kampuni hiyo hiyo ya Beyer Peacock ndiyo iliyotuundia sisi Afrika Mashariki injini 34 za daraja la 59 mwaka 1955 na 1956, zaidi ya tani 250 kila moja, injini kubwa kabisa za moshi kuwahi kutembea kwenye reli ya mita moja popote duniani. Zilikuwa zinatumia mafuta mazito, zinapandisha mizigo kutoka Mombasa hadi Nairobi, na sisi watoto wa Voi tulikuwa tunahesabu mabehewa mpaka tunachoka. Zilipewa majina ya milima yetu. Zimebaki mbili tu, 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena, na zote mbili ziko Nairobi. Gelai na Shengena zote ni milima ya Tanzania, maana enzi hizo reli ilikuwa moja kwa nchi zote tatu, kwa hiyo Mtanzania na Mganda naye asidhani habari hii ni ya Wakenya peke yao.

Najua kuna watakaosema huyu anatulinganisha na Ulaya, tani 250 si mchezo. Ni kweli, lakini Mount Gelai ilishawahi kuwashwa tena mwaka 2001, ikatembea, kwa hiyo haliko nje ya uwezo wa mafundi wetu. Kilichokosekana ni watu wa kuishika mkono mwaka baada ya mwaka, kwa sababu kufufua injini mara moja na kuiacha ni kazi bure, kutu haina likizo. Tena si lazima tuanze na hiyo kubwa. Tuanze na injini ndogo, au hata behewa moja la mbao. Lipo pale lile behewa namba 12 ambalo afisa wa polisi Ryall alivutwa na simba akiwa amelala stesheni ya Kima mwaka 1900, kila mtoto wa shule anayeletwa pale anataka kuliona, basi vijana wa vyuo vya ufundi wafundishwe kutunza mbao na rangi na bawaba za namna hiyo wakisimamiwa na fundi seremala aliyestaafu.

Nilipokuja likizo niliuliza ofisi moja kama raia anaweza kujitolea hata kusafisha na kupaka mafuta siku ya Jumamosi, nikaambiwa hakuna utaratibu. Sawa, basi utaratibu uwekwe. Chama kisajiliwe, kiwe na mkataba na shirika la reli unaosema nani anaruhusiwa kugusa nini, bima iwepo, mkaguzi wa boila awepo, na wazee wastaafu walipwe angalau nauli na chakula cha mchana wakija kufundisha. Hata huku Talyllyn wapo wafanyakazi wachache wa kulipwa, kujitolea haina maana ya vurugu.

Na msije mkasema watu wetu hawapendi treni. Desemba 2019 treni ya abiria iliporudi kati ya Dar es Salaam na Moshi baada ya miaka mingi, watu wa Kilimanjaro walipanda kwenda kula Krismasi nyumbani. Mwaka uliofuata treni ya Nairobi na Nanyuki ikarudi, na hiyo inapita kwenye reli ile ile ya mita moja. Msimu tunao, Krismasi, Idd, shule zikifungwa, na reli tunayo. Hebu fikiria injini ya moshi ikivuta mabehewa manne tu kutoka Nairobi siku ya Idd pili, watoto wamevaa nguo mpya, mandazi na chai ndani.

Ombi langu kwako Mhariri ni la leo si la kesho. Tuma mwandishi wako Nairobi, Voi, Mombasa, Tabora na Tanga, awatafute madreva, mafayamani na mafundi wa boila waliobaki, awarekodi wakieleza kazi yao hatua kwa hatua, injini inawashwaje asubuhi, maji yanaangaliwaje, mteremko wa Mazeras unaushukaje na mzigo nyuma. Chapisha kila wiki mmoja. Na wasomaji wenye baba au babu wa reli nyumbani waliandikie gazeti wamtaje, ili siku chama kikiundwa tujue wa kuanza nao wako wapi.

Wako,
Mtoto wa landhi ya Voi,
Birmingham, Uingereza