Kwa nini bili ya Perkins ya zamani haiishii kwenye gasketi

Wiki mbili zilizopita nahodha mmoja tunayemheshimu aliikasirikia karakana yetu ya injini za mashua hapa Mtwapa, kaskazini mwa Mombasa. Alituletea injini ya dizeli ya Perkins 4-108 ya mashua ya tanga anayoitunza, akitaka tumbadilishie gasketi ya hedi tu, ile inayoziba kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku (mwili wake). Tulipoifungua tukampigia simu kumwambia kazi imekuwa kubwa kuliko gasketi. Yeye akaelewa kwamba mafundi wamepata upenyo wa kumla. Ameshawaambia wenzake gatini, na si wa kwanza kutulalamikia hivyo. Basi tueleze tulichokikuta ndani ya injini ile, na sababu ya kutoifunga tukanyamaza.

Hedi ilipotoka, njia za maji kwenye bloku zilikuwa zimejaa ukoko mweupe mgumu kama chokaa ya ukutani. Pahali panapofaa kupita kidole, bisibisi nyembamba ilikataa kuingia. Tukauliza historia. Kumbe miaka miwili nyuma kipozeo cha maji kilitoboka, na aliyeitwa kukitazama akaona kipozeo kipya ni ghali. Akakitoa, akaunganisha mpira kutoka pampu ya maji ya bahari moja kwa moja hadi kwenye bloku. Mashua ikawaka siku ile ile, na mwenyewe akafurahi kwamba ameokoa pesa.

Mkato huu tunakutana nao kuliko mwingine wowote. Injini hii ikiwa kwenye mashua hutumia maji ya aina mbili. Maji matamu yanazunguka ndani ya bloku na hedi. Maji ya chumvi yanaishia kwenye kipozeo: yanapita katika vijibomba vyembamba, yanachukua joto la maji matamu, kisha yanatoka pamoja na moshi. Hayakuumbiwa kuingia ndani. Maji ya bahari yakipata joto la kuzidi kama nyuzi 60 huanza kuacha ukoko kwenye chuma, nayo injini yenye maji matamu hufanya kazi vizuri karibu na nyuzi 80. Kwa hivyo ukoko unajenga, injini inachemka, na fundi yule yule anaitwa tena. Sasa anatoa thamostati, kifaa kinachozuia maji mpaka injini ipate joto lake, ili injini ikae baridi. Dizeli ikikaa baridi haichomi mafuta sawasawa. Masizi yanajaa kwenye ringi zinazoizunguka pistoni, ringi zinaganda kwenye mifereji yake, injini inaanza kula oili na kutoa moshi. Gasketi iliyoungua ndiyo inakuja mwisho wa safari hiyo yote, na ndiyo peke yake mteja anayoiona.

Tungeweza kuweka gasketi mpya na kuifunga. Ingewaka. Ingefika Kilifi na kurudi. Halafu siku moja katikati ya kusi, yuko mlangoni mwa mwamba, penye njia nyembamba ya kupitia, na upepo umemkatalia, anataka injini kwa dakika kumi tu, ingemzimikia. Hatufungi injini ambayo sisi wenyewe tusingeingia nayo mlangoni.

Sasa bei. Watu huuliza kwa nini tunahangaika na spea orijino za injini iliyotoka kiwandani Peterborough, Uingereza, kwa muundo wa miaka ya 1960, wakati maduka yamejaa vitu vinavyofanana nazo. Neno lenyewe ni hilo, kufanana. 4-108 na ndugu yake 4-107 ukiziweka pamoja ni mapacha, lakini slivu, yaani bomba ambamo pistoni hupanda na kushuka, si moja: 4-107 ina slivu za maji, zinazoguswa na maji ya kupoza, na 4-108 ina slivu kavu, zisizoguswa nayo. Mteja mmoja aliagiza seti ya slivu na pistoni mwenyewe mtandaoni ili kutukwepa bei. Seti ikakaa njiani wiki saba, ikalipiwa ushuru na VAT ya asilimia 16, na ilipofika ilikuwa ya 4-107. Tangu hapo hatuagizi kitu kabla ya kusugua kutu, kutafuta namba ya injini kwenye bloku na kuipiga picha. Hata namba ikisema 4-108, bado tunapima kwa maikromita, kwa sababu injini hizi zimepita mikononi mwa watu wengi. Ziliwahi kutumika hata kwenye magari madogo ya mizigo. Vitu vingi vya ndani vinaingiliana na vya garini, lakini manifoldi (njia ya moshi kutoka kwenye hedi) na mfumo wa kupoza vya baharini ni vingine kabisa.

Nyuzi za bolti zake pia ni za inchi, na hapa ndipo pesa nyingi za wateja wetu zimepotea bila wao kujua. Bolti ya inchi 5/16 ina unene wa milimita 7.94. Fundi akiwa na bolti ya milimita 8 mkononi haoni tofauti. Anaiingiza, inakubali mizunguko miwili mitatu, inakaza, anaongeza nguvu ya spana. Nyuzi za ndani zinakatika. Mwaka jana tulikuta manifoldi imeshikwa na bolti nne za namna hiyo, mbili zimevunjikia ndani ya hedi. Kuzitoa kulituchukua siku tatu: kupasha moto, kutia mafuta, kuacha usiku kucha, kujaribu robo mzunguko, kurudisha, kupasha tena. Ukiona kwenye bili yetu mstari wa saa nyingi na huoni spea mpya mbele yake, mara nyingi ni kazi kama hiyo. Hedi ingeweza kupasuka asubuhi ya kwanza kama tungekuwa na haraka.

Kuhusu oili inayodondoka nyuma ya injini tunaulizwa karibu kila mwezi. Siili ya nyuma, inayozuia oili kwenye krenki (mhimili mkuu unaozunguka), kwenye 4-108 ni ya kamba, nusu mbili zinazokumbatia krenki. Kuvuja kidogo ni tabia yake. Kuvuja kikombe kila safari ni kazi mbaya ya aliyeifunga. Kamba inalazwa kwenye mfereji wake kwa kuviringishwa na chuma cha mviringo, si kwa kugongwa na nyundo, na ncha zake zinaachwa zichungulie kati ya milimita 0.25 na 0.50 juu ya uso wa kiungo. Ukizikata sawa na chuma, itavuja. Ukiziacha ndefu, nusu mbili hazikutani na itavuja vile vile. Kijana wetu mmoja aliifunga siili hii mara tano kwenye injini mbovu ya mazoezi kabla hatujamruhusu kugusa ya mteja.

Na impela, tafadhali. Mpira huu wa pampu ya maji ya bahari wateja wengi hubadilisha wenyewe, na tunawasifu kwa hilo. Lakini ukitoa impela ya zamani na ina mabawa matatu pungufu, mabawa hayo hayakuyeyuka. Dada mmoja mwenye mashua ya kutembeza wageni alibadilisha impela mbili ndani ya mwezi mmoja na injini ikaendelea kuchemka. Akawa tayari kununua pampu nzima. Tulifungua kifuniko cha kipozeo tukayakuta mabawa yote matatu yamelala mdomoni mwa vijibomba. Tulimtoza saa moja ya kazi tu. Huyo hajawahi kulalamikia bei yetu.

Si kila kitu tunadai kiwe orijino. Mipira, klipu, filta na beringi za altaneta tunanunua hapa Mombasa, mradi ziwe za ubora unaofaa. Pampu ya dizeli na nozeli zinazopuliza mafuta ndani ya silinda hatuzigusi sisi, tunazipeleka kwa fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia, na bili yake tunakuonyesha kama alivyotuandikia. Injini hii hubana hewa 22 kwa 1, yaani mara ishirini na mbili, kwa hivyo nozeli inayodondosha mafuta badala ya kuyapuliza itatoboa pistoni mpya uliyotoka kuilipia. Tunazo pia 4-108 tatu zilizokufa nyuma ya karakana. Kofia ya beringi, mkono wa vali au puli ikipatikana humo ikiwa nzima, tunaipima na kukuuzia kwa bei ya chini kuliko mpya.

Tulichojifunza kwa nahodha wetu ni kwamba makadirio ya kabla ya kufungua yanaumiza pande zote. Kuanzia sasa tutaandika bei mbili: ya kufungua na kukagua, na ya kazi baada ya wewe kuja kuona kwa macho yako. Ukiamua kuishia hapo, unalipa ile ya kwanza na unaondoka na injini yako na orodha ya vipimo tulivyopata. Spea zote tulizotoa tunazirudisha kwa mwenyewe ndani ya ndoo, hata zilizovunjika.

Bloku ya nahodha ipo bado kwenye benchi. Tumeshatoa ukoko wa silinda mbili za mbele, na upande huo chuma kimesalimika. Za nyuma tunazifikia Alhamisi. Hatutaagiza slivu mpaka aje, asimame hapa, na apitishe kidole chake mwenyewe kwenye njia za maji.