Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Daftari Kabla ya Mkopo

Ndugu wanachama,

Hesabu za hisa na mfuko wa jamii atawasomea mweka hazina. Mimi nitazungumzia mafunzo ya hesabu za biashara katika kikundi chetu cha kuweka na kukopa.

Tulianza vibaya. Mkufunzi wa kwanza alipangiwa saa nane mchana, wauza mboga wakiwa gengeni, na maneno yake hata mimi sikuyashika. Watu wakaacha kuja, na sikuwalaumu. Ndipo tukahamishia somo kwenye kikao cha Jumamosi, baada ya marejesho, likafundishwa na afisa maendeleo ya jamii wa kata kwa daftari na kalamu tu.

Mwenzetu mmoja ameniruhusu nieleze hesabu yake. Kila siku alikaanga mandazi 200 ya shilingi 200, jumla 40,000. Akitoa 25,000 za unga, sukari na mafuta, alijihesabia faida ya 15,000. Darasani akaulizwa: mkaa je? 4,000. Bodaboda? 3,000. Na yale mandazi 15 wanayokula watoto kabla ya shule? 3,000 nyingine. Ikabaki 5,000. Kwa siku 6 ni 30,000, na rejesho letu lilikuwa 35,000 kwa wiki. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kumbe ndiyo maana." Hiyo 5,000 iliyopelea ndiyo iliyompeleka kwenye mikopo ya kausha damu, ile ya mitaani yenye riba kubwa, ili alipe kwetu asiaibike. Nasi viongozi tulikuwa tukimsifu kwa kurejesha kwa wakati! Hilo limeniuma sana, kwa maana mkopo ule niliuidhinisha mimi bila kuuliza hata bei ya mkaa.

Siku hizi anauzia karibu na nyumbani, nauli imeondoka, rejesho tumelirefusha, na deni la nje alilimaliza mwezi wa kumi.

Wengi mnadai tuombe mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Nakubali. Hauna riba, na usajili wetu chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 uko sawa. Lakini fedha ile inarejeshwa, na kuna vikundi vingine vinavyoisubiri.

Kwa hiyo kamati inapendekeza: kuanzia mzunguko ujao, mwombaji wa mkopo alete daftari la wiki 4 la mauzo na matumizi, pamoja na vinavyoliwa nyumbani. Asiyejua kuandika amwone katibu, ataandikiwa bila malipo. Madaftari tumenunua kwa fedha za faini, yako mezani pale. Chukueni kabla ya chakula.

Mwenyekiti