Muziki wa kelele unataka gitaa lililo kimya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyewashauri wazazi, kwenye ukurasa huu huu wa barua, kwamba kijana akitaka gitaa la umeme ili apige muziki wa metali, yaani heavy metal, ule wa magitaa mazito, anunuliwe lolote lililo rahisi, kwani muziki wenyewe ni kelele na kelele haichagui chombo. Nimeisoma barua ile mara mbili na imenikaa moyoni. Naamini aliandika kwa nia njema. Lakini ushauri ule utawamalizia wazazi fedha na kuwavunja watoto moyo, na yote mawili nimeyaona nyumbani kwangu.

Mimi ni fundi redio hapa Ngamiani, Tanga. Kabla ya meza ya ufundi nilipiga gitaa la rithim kwenye bendi za dansi kwa miaka 11, tukizunguka Muheza, Korogwe, Pangani na kurudi. Mji huu ni mji wa magitaa. Jamhuri Jazz na Atomic Jazz zilikuwa za hapa, na akina Wilson na George Kinyonga walipitia Jamhuri kabla ya kwenda kuanzisha Simba Wanyika nchini Kenya mwaka 1971. Nimekulia humo. Metali sikuijua mpaka mtoto wa dada yangu alipoanza kuniletea kwenye simu, jioni ninapofunga kibanda, akisema, "Mjomba, sikiliza hapa. Sikiliza gitaa tu."

Mara ya kwanza nilisikia fujo. Mara ya tano au ya sita nikaanza kusikia mikono. Mpigaji anauegemeza ubavu wa kiganja cha kulia juu ya nyuzi, karibu kabisa na daraja, yaani kile kipande kinachoshikilia nyuzi kwenye mwili wa gitaa, na kuzikata sauti zisirefuke, kama mpiga ngoma anavyoziba ngozi kwa kiganja ili mdundo utoke mfupi na mkavu. Kisha bendi nzima inasimama kwa pamoja. Kimya. Halafu wanaanguka tena wote. Nguvu ya muziki ule imo kwenye ule mkato, na hapo ndipo mwandishi wa barua ile alipokosea: hakuna muziki unaodai gitaa lililo kimya zaidi ya huu.

Niseme nilivyojifunza. Mwaka jana mpwa wangu huyo alinijia akitaka nimsaidie kuchagua gitaa lake la kwanza. Nikamwambia asinunue, achukue langu. Nimelitunza miaka yote, na kwenye dansi lilikuwa likilia kama maji yanayotiririka. Akaleta pedali ya distoshoni, kile kifaa cha kukanyaga kinachokwaruza sauti, aliyoazima kwa rafiki yake, tukaunganisha, akaikanyaga. Kabla hajagusa uzi, spika ikanguruma kama mashine ya kusaga unga. Nikaizima taa ya tyubu iliyo juu ya meza, ngurumo ikapungua. Nikaiwasha, ikarudi. Hatukuweza kusikia mkato wowote, maana kila alipoziba nyuzi ngurumo ilijaza pengo.

Sababu yake ni ya kifundi na inaeleweka kwa urahisi. Chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna pikapu, yaani sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, waya unazaa umeme mdogo, na huo ndio unaopelekwa kwenye amplifaya. Lakini waya uliozungushwa hivyo ni mtego. Hunasa pia mvumo wa umeme wa nyumba, ambao hapa kwetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Kwenye dansi tulipiga sauti safi, mvumo ukabaki chini, hakuna aliyeusikia. Distoshoni hukuza kila kitu, kikubwa na kidogo, mpaka vilingane. Mvumo mdogo unakuwa jitu.

Dawa yake ilipatikana zamani. Mwaka 1955 fundi mmoja wa kampuni ya Gibson huko Marekani, Seth Lover, alibuni pikapu ya koili mbili zinazokaa ubavu kwa ubavu, sumaku ya moja ikiwa kinyume cha nyingine na umeme ukipita kinyume pia. Mvumo unaoingia koili hii unakutana na mvumo ule ule uliopinduliwa kutoka koili ile, vinafutana. Sauti ya uzi yenyewe haifutiki, inajumlishwa, kwa hiyo inatoka nene na yenye nguvu. Wauzaji huiita hambaka. Mimi nawaambia wateja wangu waiite pikapu pacha, na kuitambua ni rahisi: ni pana, mara mbili ya ile nyembamba. Mtoto atakayepiga metali lazima awe nayo angalau moja, na iwe ile iliyo karibu na daraja. Hili silipunguzii bei.

La pili lilitugharimu zaidi. Baada ya gitaa langu kushindwa, kijana alikuwa na shilingi laki nne na nusu alizoweka kwa kupakia machungwa Muheza msimu mzima. Aliona picha kwenye simu, gitaa jeusi la ncha kali, pikapu pacha mbili, akamtumia fedha muuzaji wa mji mwingine bila kuniambia. Simlaumu, alitaka kunifurahisha. Lilipofika likawa na daraja linaloelea, lile lenye mkono wa chuma wa kuyumbishia sauti. Daraja la namna hiyo halikai kwenye mbao. Linaning'inia katikati ya mvutano wa nyuzi mbele na springi nyuma, kama mizani ya dukani. Ukilegeza uzi mmoja, springi zinashinda, daraja linarudi nyuma, na nyuzi nyingine tano zote zinapanda.

Sasa wapigaji wa metali kazi yao kubwa ni kulegeza. Uzi wa sita, ule mnene wa nota ya E, wanaushusha hadi nota ya D ili kidole kimoja kikilaza nyuzi tatu nene utoke mlio mzito. Kijana akiushusha, gitaa zima linaharibika. Akirekebisha nyuzi nyingine, ule wa sita nao unapanda tena. Nilimkuta usiku wa manane anakaza na kulegeza, machozi yanamlenga, akidhani sikio lake ndilo bovu. Nilimuuliza muuzaji kwa simu kwa nini hakumweleza mtoto anayeanza. Akanijibu kuwa picha ilionyesha kila kitu.

Nililitibu hivi. Nilifungua kifuniko cha mgongoni, nikapima nafasi iliyo kati ya chuma cha springi na mbao, nikaenda kwa seremala Makorora akanichongea vipande viwili vya mvule. Kimoja kikakaa mbele ya chuma, kimoja nyuma, vikabana sawasawa. Daraja likasimama. Tangu siku hiyo anashusha na kupandisha uzi wa sita atakavyo na nyingine hazitetereki. Kwa hiyo anayenunua leo anunue lenye daraja lililofungwa kwenye mbao kwa skrubu tangu mwanzo, na mkono wa kuyumbishia ausahau kwa miaka yake ya kwanza.

Huko kulegeza nyuzi kuna habari ambayo nimewasimulia wengi hapa kibandani. Mwaka 1965, katika mji wa Birmingham, Uingereza, kijana wa miaka 17 aitwaye Tony Iommi alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha mabati. Siku yake ya mwisho kazini mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pete. Yeye ni mashoto, kwa hiyo mkono huo ndio uliokuwa ukibana nyuzi. Msimamizi wake alimpelekea santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa mkubwa ambaye vidole vyake viwili viliharibiwa na moto, ili ajue kuwa inawezekana. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akavivisha ngozi. Akatafuta nyuzi nyembamba, hata za banjo, na baadaye akazilegeza ili zisimuumize. Bendi yake, Black Sabbath, ilitoa santuri ya kwanza Februari 1970, na kwenye ya tatu, mwaka 1971, baadhi ya nyimbo alizishusha kwa hatua tatu za nusu toni. Ule uzito ambao metali yote imeurithi ulitokana kwa sehemu na mkono wa mfanyakazi aliyeumia. Baba yangu alifanya kazi kwenye shamba la mkonge, na nimewasalimia kwa mkono wazee walioacha vidole kwenye mashine ya kuchakata. Nikimsikia mtu anauita muziki huu upuuzi wa wazungu, hawa wazee hunijia machoni.

Nirudi dukani. Ukishaona pikapu pacha na daraja lisilotikisika, usilipe bado. Shika gitaa, funga jicho moja, tazama shingo kutoka kichwani kama seremala anavyotazama ubao. Bana uzi wa sita kwenye freti, vile vyuma vilivyokatiza shingoni, ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, angalia katikati: panatakiwa pawe na upenyo wa kupitisha karatasi. Pakiwa pamegusana au pamekaa kama upinde, shingo inahitaji kurekebishwa kwa ule ufito wa chuma uliomo ndani yake, nao huzungushwa robo kwa robo, si kwa hasira. Kisha piga uzi wazi, halafu ubane freti ya 12. Hiyo ndiyo nusu ya uzi, sauti iwe nota ile ile, ila juu kwa oktavu moja. Ikipanda, kitako cha uzi huo pale darajani kinarudishwa nyuma kidogo. Ikiwa skrubu ya kukirudishia imeota kutu na kugoma, liache gitaa hilo.

Urefu wa uzi nao una maana. Magitaa mengi ni milimita 648 kutoka daraja hadi kichwani, mengine 628. Kwa anayeshusha nyuzi, refu linazibakiza zikiwa zimekaza zaidi. Nyuzi zenyewe zianze kwenye unene wa inchi .010, na ule mnene uwe .046 au hata .052. Nyembamba zaidi ya hapo zikishushwa zinapigapiga freti.

Majina ya kampuni nitayataja upesi kwa kuwa watu huyauliza kwanza. Yamaha Pacifica 112 ina pikapu pacha karibu na daraja, na ni kazi ya kuaminika. Ibanez na Jackson wana magitaa ya kuanzia yenye pikapu pacha mbili, ila mengine yana daraja linaloelea na mengine la kufungwa, kwa hiyo uliza. La umbo la herufi V, ambalo Gibson walilitoa mwaka 1958, linapendeza jukwaani, lakini mwanafunzi hujifunza akiwa amekaa, na lile huteleza mapajani.

Kuhusu amplifaya nina jambo moja tu, na naomba lisomwe kwa makini. Geuza nyuma usome kibandiko. Umeme wetu ni volti 230. Vifaa vingi vinavyoletwa na ndugu kutoka Marekani ni vya volti 120, na nimevipokea mezani vikiwa bado vinanuka moshi. Bila transfoma ya kushusha umeme, usikichomeke. Cha wati 10 au 20 kinatosha chumbani, na kiwe na tundu la hedifoni, maana nyumba zetu za Ngamiani zimeshikana kuta na jirani ana haki ya kulala. Mpwa wangu anapiga kwa hedifoni usiku, na adhana ikianza anaweka gitaa chini.

Halafu kuna chumvi. Anayekaa Tanga atunze nyuzi kama anavyotunza kisu cha samaki. Upepo wa bahari unazila kwa wiki chache. Kipande cha kanga kikuukuu kilicho kikavu, kila baada ya kupiga, juu na chini ya nyuzi.

Ombi langu ni kwa wenye maduka ya vyombo. Wekeni amplifaya moja iliyochomekwa na waya mmoja, mtoto asikie kabla mzazi hajalipa. Mchele tunauonja mbichi kabla ya kununua kilo tano. Kwa nini kitu cha laki nne kinunuliwe kwa kutazama rangi?

Juzi baba mmoja wa Pongwe alikuja kibandani kwa ajili ya redio yake, mazungumzo yakafika huku. Binti yake wa miaka 15 anataka gitaa, muziki ni huu huu, na ni mashoto. Baba alikuwa ameshaamua amnunulie la kawaida na kumlazimisha ageuze mkono. Nikamsimulia habari ya yule kijana wa Birmingham. Akakaa kimya kwa muda, kisha akaomba kalamu. Nimemwandikia: la mashoto, pikapu pacha, daraja la kufungwa, freti ya 12, soma volti. Nimempa na waya wangu pamoja na kiamplifaya cha betri, ajaribie mwenyewe palepale dukani. Gari lake la Dar es Salaam linaondoka Ijumaa saa 12 asubuhi.

Fundi Redio,
Ngamiani, Tanga