Barua ya wazi kwa maadmini wa makundi ya ukoo: kuhusu kutangaza msiba

Wanangu na wajukuu zangu mnaosimamia makundi ya WhatsApp ya koo zetu,

Nawaandikia juu ya tanzia peke yake. Mengine ya makundini, picha za harusi na mabishano ya mpira, yatajinyoosha yenyewe. Tanzia ikikosewa hairudi nyuma: mama anakutana na kifo cha mwanawe kwenye simu akiwa ndani ya daladala, au jamaa wa Tanga wanafika makaburini watu wameshatawanyika.

Chombo tunachotumia ndicho kinachotufundisha namna ya kusema. Redio Tanzania Dar es Salaam, iliyochukua jina hilo mwaka 1965, ilikuwa na saa zake za kusoma matangazo ya vifo. Tangazo lililipiwa, na msikilizaji hakuwa na wa kumuuliza. Basi kila neno lilibeba mzigo wake: nani anatangaza, nani amefariki, wapi, lini, maziko wapi na saa ngapi, kisha "habari ziwafikie" fulani wa Tabora na fulani wa Mombasa. Telegramu, iliyotozwa kwa idadi ya maneno, ilibana zaidi. WhatsApp haitozi neno, haina saa yake, na kuuliza ni bure. Ndiyo maana mtu huandika "Jamani tumepata pigo" akaishia hapo, watu 40 wakauliza "nani?", na jibu likazama chini ya maswali. Uhaba ulitulazimisha kuwa na utaratibu. Uhaba umeondoka, kwa hiyo utaratibu ni juu yenu.

Kabla ya neno lolote kundini, pigeni simu. Mume au mke, wazazi, watoto, ndugu wa tumbo moja: hao waambiwe kwa sauti, na ikiwezekana kwa mtu kufika mlangoni. Aliye mgonjwa wa moyo au mjamzito asipigiwe yeye, apigiwe anayekaa naye. Anayeendesha gari au bodaboda aulizwe kwanza yuko wapi, aegeshe. Gawaneni majina watu watatu au wanne na kila mmoja arudishe jibu: "nimempata" au "sijampata". Kundi lisubiri mpaka orodha hiyo iishe. Najua mnaogopa kutanguliwa na mtu mwingine. Acheni mtanguliwe. Hakuna tuzo ya kuwa wa kwanza kutangaza kifo, na anayeweka picha ya marehemu yenye mshumaa kwenye status kabla wazazi hawajaambiwa afuatwe faragha haraka, aombwe kuiondoa. Status hukaa saa 24, muda wa kutosha kumfikia kila mtu asiyestahili kuipata kwa njia hiyo.

Hakikisheni pia kwa mtu aliye hospitali au nyumbani kwa marehemu, si kwa "nimesikia". Katika koo zetu majina hurithiwa. Wajukuu watatu wanaweza kubeba jina moja la babu, na tanzia yenye jina moja tu humzika aliye hai. Nchini Tanzania, kueneza taarifa ya uongo kwa kujua ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili.

Sasa maandishi yenyewe. Yawe ujumbe mmoja, si vipande sita. Simu nyingi huonyesha maneno ya mwanzo hata kioo kikiwa kimefungwa, kwa hiyo msianze na jina la marehemu. Anzeni na jina la familia inayotangaza: "Familia ya Mzee fulani wa Pangani inasikitika kuwatangazia..." Hapo ndipo lije jina kamili, na jina la nyumbani kama ndilo linalojulikana, mtoto wa nani, mume au mke wa nani, amefariki wapi na lini, msiba uko nyumba ipi, kituo gani cha daladala na alama gani ya kufikia, maziko siku gani, saa ngapi, makaburi gani, ibada ni kanisa gani au atasaliwa msikiti gani. Mwishoni wekeni namba mbili za kupiga, za watu wasio wafiwa wa karibu. Mfiwa asigeuzwe mpokea simu.

Kwenye saa na siku ndiko tunakoharibu zaidi. Kwetu saa 10 alasiri, simu inasema 16:00. Kijana aliyekulia London au Toronto akisoma "saa 10" anaelewa saa 4 asubuhi au saa 4 usiku. Andikeni zote mbili: "saa 10:00 alasiri, yaani 16:00, kwa saa za Afrika Mashariki." Wa Muscat ataongeza saa moja, wa London atapunguza tatu, au mbili majira ya joto. Na siku zetu za pwani huanza jua likizama: "usiku wa Ijumaa" kwa bibi ni Alhamisi baada ya magharibi, kwa mjukuu ni Ijumaa yenyewe. Semeni "usiku wa kuamkia Ijumaa" na muweke tarehe. Kwa Waislamu, ambao maziko huwa siku hiyohiyo au inayofuata, kosa hilo moja linatosha kumkosesha mtu kumzika baba yake.

Ujumbe wa sauti usitumike kutangaza. Hausomeki kwa jicho moja, hautafutiki baadaye, na kilio ndani yake humeza jina la makaburi. Utumieni kwa pole.

Tanzia ikishatoka, ibandikeni juu ya kundi. WhatsApp inaruhusu saa 24, siku 7 au siku 30, na siku 7 zinatosha. Kisha fungeni kundi kwa saa moja au mbili, waandike maadmini tu, ili ujumbe usizikwe na "Inna lillahi" na "apumzike kwa amani" mia mbili. Pole zina kundi lake, au zisubiri. Mkigundua kosa, kuhariri kunawezekana ndani ya dakika 15 tu, na nakala zilizokwisha kusambazwa hazibadiliki. Baada ya hapo andikeni ujumbe mpya unaoanza na "MAREKEBISHO", pamoja na saa uliyotolewa, na mfute ule wa kwanza.

Rambirambi ni mlango wa matapeli. Wanachukua tanzia ya kweli, wanabadilisha namba, wanaisambaza upya. Namba ya kupokea iwe moja, iandikwe pamoja na jina lililosajiliwa, na iwekwe kwenye maelezo ya kundi, mkiwa mmeweka kwamba maadmini tu ndio wanaoweza kuyahariri. Mtoaji asithibitishe malipo mpaka jina lililotokea kwenye simu yake lilingane. Ukija ujumbe wa "tumia namba hii nyingine", mtu apige simu kwa mweka hazina kwanza. Namba ya tapeli, kwa walio Tanzania, ripotiwe kwenda 15040.

Picha za mwili, za ajali, za mtu akiwa kwenye mashine hospitali: futeni bila mjadala. Admini ana uwezo wa kufuta ujumbe wa mwanachama yeyote, na kwa hili autumie.

Limebaki jambo la simu ya marehemu. Msiiondoe namba yake kundini siku ya msiba; watoto wanaona na inawauma. Simu ikae kwa mtu mmoja aliyeteuliwa na familia, kwa sababu ndani yake kuna fedha ambazo msimamizi wa mirathi atazifuatilia kwa kampuni ya simu, na kuna watu wasiojua wanaoendelea kupiga. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa, na kampuni zinaweza kuigawa kwa mteja mwingine. Kwa hiyo baada ya arobaini muulizeni mjane au mgane, na akikubali, iondoeni namba hiyo kwenye kundi.

Mzee wenu