Barua ya wazi kwa Waziri wa Kazi: binti wa Singida akiwa Dar, ubalozi wake ni upi?

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya kazi na ajira,

Salaam. Nakuandikia kutoka Singida, ninakouza chakula karibu na stendi ya Misuna. Nimekuwa dada wa kazi mara mbili: Dar es Salaam kuanzia 2009, kisha Muscat, Oman, kuanzia 2014. Kila viongozi wanapozungumzia uhamiaji, nasikia habari za safari ya pili tu: Uarabuni, paspoti, mawakala, mateso ya mabinti wetu. Ni kweli na yaendelee kusemwa. Lakini safari yangu ya Muscat haikuanzia uwanja wa ndege. Ilianzia hapa Singida, alfajiri, kwenye basi la kwenda Ubungo, na hakuna aliyeniandika popote.

Nilikuwa na miaka 16. Alinichukua mama mmoja wa kijiji cha jirani ambaye kazi yake ilikuwa kuwatafutia watu wa mjini wasichana. Alinilipia nauli, akapokea chake kwa mwajiri, tukaachana getini. Mshahara tuliopatana ulikuwa shilingi 30,000 kwa mwezi. Mwisho wa mwezi wa kwanza mama mwenye nyumba akaniambia, "Nitakuwekea. Wewe bado mtoto, utazimalizia kwenye mafuta ya nywele." Nikamshukuru, maana kwetu mtu anayekuwekea fedha anakutakia mema. Aliniwekea miezi 14. Siku nilipoziomba nikamuuguze bibi, nilipewa vitenge viwili na nauli, nikaambiwa sabuni na vyombo nilivyovunja vimekula zilizobaki. Saa mbili usiku nilikuwa nje ya geti na mfuko wangu wa rambo.

Miaka mingi baadaye ndipo nilijua kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ilinihusu na mimi. Mwajiri alitakiwa kunipa maelezo ya kazi kwa maandishi. Saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na kila wiki nipumzike saa 24 mfululizo. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, hupokea lalamiko la kuachishwa kazi ndani ya siku 30, madai mengine ndani ya siku 60. Siku zangu 30 niliziishi Manzese kwa mtu wa kwetu, nikilala chini, nikitafuta nyumba nyingine ya kufanyia kazi.

Muscat nilikuwa na karatasi. Ilikuwa ya Kiarabu, sikuweza kuisoma, na kafili, yaani mwajiri aliyenidhamini, alichukua paspoti yangu siku ileile niliyofika. Usingizi ulikuwa saa nne, tano zikizidi. Sisemi kulikuwa kuzuri. Lakini mshahara, riali 70, ulikuwa umeandikwa, na ulipokwama miezi miwili, bibi wa nyumba ile, mzaliwa wa Unguja mwenye Kiswahili kilichonishinda mimi, alimgeukia mwanawe akamwambia amlipe mtoto wa watu kama alivyotia saini. Namba ya ubalozi wetu nilikuwa nimeificha ndani ya kiatu, chini ya soli. Sikuwahi kuipiga, ila nililala nikijua ipo. Dar nilikuwa ndani ya nchi yangu, nasikilizana na kila mtu, na sikuwa na namba yoyote ya kuficha.

Mheshimiwa, binti wa Mkalama, hapa mkoani Singida, akidhulumiwa mshahara wake Tabata, Dar, ubalozi wake ni upi?

Nauliza kwa sababu sisi ndio wengi. Ripoti ya Maendeleo ya Binadamu ya Umoja wa Mataifa ya 2009 ilikadiria kuwa watu milioni 740 walikuwa wamehama ndani ya nchi zao, karibu mara nne ya waliovuka mipaka. Hapa kwetu, sensa ya 2012 iliikuta Dar na watu 4,364,541, ya 2022 ikaikuta na 5,383,728. Wapo waliozaliwa hukohuko, lakini njoo ukae hapa Misuna mavuno yanapoisha uhesabu mwenyewe wasichana wanaopanda basi la asubuhi.

Fedha ya Muscat inaonekana. Nilimjengea mama nyumba ya tofali na bati, na kila anayepita barabarani anaambiwa hiyo ni ya Uarabuni. Elfu ishirini ya Dar inayoingia kwenye simu ya bibi inaishia kwenye madaftari, dawa na mbegu ya alizeti. Haina ukuta wa kuonyeshwa mtu, ingawa kaya nyingi hapa zinaishi kwayo. Na nguvu iliyoondoka hairudishwi na fedha hiyo. Wakati wa kupalilia alizeti, mashamba mengi utakuta bibi na wajukuu.

Mwanangu nilimwacha na miaka mitatu. Niliporudi 2016 alikuwa anamwita bibi yake mama, mimi akaniita anti. Watu walisema ndiyo gharama ya Uarabuni. Lakini mwenzangu tuliyekua naye alikaa Mbagala, Dar, miaka mitatu bila kuruhusiwa kuja nyumbani hata Krismasi, na mwanawe naye alimwita anti.

Mwaka 2017 Human Rights Watch ilitoa ripoti kuhusu Watanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Majirani walikuja kuniuliza kama na mimi niliteswa. Kuhusu Dar hajawahi kuniuliza mtu. Na wengi niliokutana nao Muscat walikuwa wamepitia Dar kwanza. Nyumba za kwetu ndizo zilizowazoesha kulala mwisho, kula mwisho na kutouliza likizo.

Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa ndani wa kawaida anayelala kwa mwajiri. Riali zangu 70, niliporudi 2016, zilikuwa karibu laki nne. Serikali ikibana njia ya Uarabuni peke yake, inamrudisha binti kwenye mshahara mdogo kama huo, ambao pengine naye "atawekewa". Anayeitaka Oman imheshimu Mtanzania aanze na geti la Sinza na la Mbezi, hapo Dar.

Naomba mabinti wanaotoka waandikwe kwa mtendaji wa kijiji na wapokelewe kwa mtendaji wa mtaa, jina la mwajiri likiwa wazi. Wanaowasafirisha wajulikane kama wanavyotakiwa kujulikana mawakala wa nje. Afisa kazi aweze kugonga geti. Na mshahara upite kwenye simu ya binti mwenyewe. Hili la "kuwekewa" likomeshwe kabisa.

Wiki iliyopita mama mmoja kutoka Dar alikuja kwa jirani yangu kuomba binti. Binti huyo ana miaka 18, ameridhia kwenda. Nilichana ukurasa wa daftari nikaandika kwa mkono: mshahara, namba ya simu utakakotumwa, siku ya kupumzika, nani atalipa nauli ya kurudi. Yule mama alisita, kisha akasaini. Tukaupeleka kwa mtendaji agonge muhuri. Aliusoma mara mbili, akaturudishia, akasema ofisini kwake hakuna fomu ya namna hiyo.

Mheshimiwa, naiomba hiyo fomu. Binti anasafiri Jumamosi.

Wako,
Mama lishe, Misuna, Singida