Tunaombwa ushirikiano au mchango?

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie neno ambalo siku hizi halikosekani katika tangazo lolote mtaani kwetu hapa Wete, nalo ni "ushirikiano". Hivi karibuni tuliitwa kikaoni tukaelezwa kuwa kisima kitachimbwa, mahali pameshachaguliwa na kiwango cha fedha kwa kila nyumba kimeshapangwa, kisha msemaji akamaliza kwa kusema, "Tunaomba ushirikiano wenu." Alichoomba ni fedha zetu na utiifu wetu.

Neno hili asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wa sh-r-k, wenye maana ya kuwa na fungu katika kitu kimoja pamoja na mwengine. Mtoto wa chuo cha Kurani hukutana nao mapema katika shirki, yaani kumfanyia Mwenyezi Mungu mshirika, na ndipo lilipotoka pia neno letu "mshirikina". Wafanyabiashara nao wanaujua katika sharika, ambayo kwa mujibu wa fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, ni mali iliyochanganywa na watu wawili au zaidi, faida wakigawana na hasara kila mmoja akiibeba kwa kadiri ya mtaji wake. Mshirika, basi, tangu asili ni mwenye fungu lake, wala si msaidizi wa mwenye mali.

Kiswahili kikaongeza la kwake. Kutokana na "shiriki" tumepata "shirikiana", ambamo mna -an- ile ile ya pendana, saidiana na amkiana, yenye kuonyesha kuwa kitendo kinakwenda na kurudi. Hakuna anayeamkiana peke yake. Ukiniita nisikilize uamuzi wako, umeniarifu; ukinitaka rai yangu kabla hujaamua, umenishirikisha; tukiamua sote na kutenda sote, hapo ndipo tumeshirikiana. Ni masikitiko yangu kuwa hatua zote tatu sasa zinaitwa kwa jina la hiyo ya mwisho. Wazee wetu, waliokuwa wakila kikoa, leo kikipikwa kwa huyu na kesho kwa yule, hawakuhitaji kufafanuliwa tofauti hiyo.

Nawaomba wanaoandika matangazo waseme "mchango" pale wanapotaka mchango, kwani nalo ni neno la heshima. Mchango wangu wa kisima nimeshautoa. Ninachosubiri ni kuulizwa kuhusu mahali penyewe, kwa sababu sisi tunaoishi jirani tunajua kuwa maji ya hapo hugeuka ya chumvi wakati wa kiangazi.

Msomaji wako,
Wete, Pemba