Tumepewa chumba kimoja na sisi ni sita. Tukichukue au tungoje?

Shangazi, shikamoo.

Mimi nashona mapazia. Hapa Mukuru kwa Njenga, mtaa wetu wa mabanda, pazia si la dirishani tu, ndilo ukuta wetu. Mtu akioa, akizaa au akipokea mgeni kutoka mashambani, huja kwangu na kipande cha kamba alichopimia: "Nishonee la kutenga kitanda." Nadhani nimegawa vyumba vingi mtaani humu kuliko fundi yeyote wa mawe. Sasa yamefika kwangu na mkasi umenishinda.

Tuko sita: mimi, mume wangu, mama mkwe, binti wa miaka 15 na wavulana wawili, mmoja 11 na mwingine 7. Tunakodi vyumba viwili vya mabati kwenye ploti moja, milango ikitazamana, kila kimoja futi kumi kwa kumi na kodi yake shilingi 3,000. Kimoja tunalala mimi, mzee na yule mdogo, na cherehani iko humo. Cha pili analala mama mkwe na binti, na yule wa miaka 11 yuko nyuma ya pazia. Maji ni ya kununua kwa mtungi. Choo ni cha ploti nzima, na usiku binti haendi huko bila mtu wa kumsindikiza. Mafuriko ya 2024 yalitufika magotini. Kisha serikali ikaamuru watu watoke mita 30 kutoka mtoni, na tangu hapo kila akionekana mtu na utepe wa kupimia, tunasimama mlangoni. Landilodi anasema ploti yake iko nje ya alama. Ni rahisi kwake kusema, yeye hakai hapa.

Mume wangu ni soja, yaani mlinzi. Mshahara wake ni shilingi 18,000, na kila mwezi hukatwa asilimia 1.5, tozo ya nyumba za serikali, yaani shilingi 270, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Kwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, anayepata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi yuko kwenye fungu la nyumba za kijamii. Basi alijisajili huko, akaomba ya vyumba viwili, tukangoja.

Mwezi uliopita ujumbe uliingia kwenye simu. Amepata! Mzee alipiga kelele hadi majirani wakadhani ni wezi. Kusoma vizuri, tukakuta ni bedsita. Chumba kimoja, mita 20 za mraba, malipo chini kidogo ya shilingi 4,000 kwa mwezi, na baada ya miaka mingi iwe yetu.

Shangazi, kazi yangu ni kupima, kwa hivyo nilipima. Vyumba vyetu viwili vya mabati ukivijumlisha vinakaribia mita 19 za mraba. Hiyo mpya ina 20, lakini humo humo mna choo, bafu na pa kupikia. Ukitoa hivyo tunabaki na nafasi ndogo kuliko ya sasa. Umoja wa Mataifa husema wakizidi watatu chumba kimoja, huo ni msongamano. Sisi tutakuwa sita, na cherehani ya saba.

Nilienda ofisini kuuliza. Kijana wa kaunta hakuwa na jeuri, lakini maneno yake yalikuwa mafupi: "Mama, iliyotoka ndiyo hiyo. Mkiikataa mnarudi kwenye foleni." Nikamuuliza foleni hiyo ina urefu gani, akageuka na kuita anayefuata. Na usidhani tutaichukua hii kisha tuombe kubwa baadaye. Sheria inampa mtu nyumba moja tu, na hata kuiuza ni mpaka bodi ya nyumba hizo ikubali. Tukiingia bedsita tumeingia.

Jirani yangu anasema tuichukue, tuipangishe kwa bei ya juu, sisi tubaki hapa. Anasema wa Kibera walifanya hivyo. Ni kweli, mwaka 2009 watu wa Soweto Mashariki, huko Kibera, walipohamishiwa magorofa ya Lang'ata, nyumba ya vyumba vitatu iligawiwa familia tatu, kila moja na chumba chake, jiko na choo ni vya wote. Wengine walipangisha wakarudi kwenye mabati. Shoga yangu alikuwa humo, na anasema ugomvi wa jikoni ulimfanya akumbuke matope. Simlaumu aliyepangisha. Lakini sikukatwa hela za nyumba, nikaombea nyumba, ili niwe landilodi wa mtu mwingine huku wanangu wakikanyaga maji machafu.

Linaloniuma zaidi ni hili. Marehemu baba mkwe alikuwa mtu wa reli, alikaa nyumba za reli za Muthurwa. Nyumba zile mkoloni alizijenga kwa ajili ya mikono ya kazi tu. Chumba kilikuwa cha mwanamume, mke na watoto wabaki shambani. Uhuru ulikuja, chumba kikabaki kile kile. Mama mkwe aliishi Makueni ndoa yake yote, akija Nairobi likizo ya Agosti na kurudi kwa sababu hapakuwa na pa kulala. Amekuja kukaa nasi miaka minne iliyopita, baada ya kumzika mzee wake, na kliniki yake ya presha iko hapa hapa. Aliposikia mita 20 hakusema neno. Juzi nimemkuta anakunja nguo zake kwenye gunia. "Mwanangu," akaniambia, "mimi nimezoea kupisha. Usimwambie mwanangu mpaka atie sahihi."

Kuna jambo jingine naona haya kulisema. Mwezi mzuri mimi hupata hata shilingi 7,000, na kwenye usajili tuliandika mshahara wa mzee peke yake. Tukiujumlisha na wangu tunavuka 20,000, tunaingia fungu la bei nafuu ambako nyumba kubwa zipo, lakini arbuni yake ni kubwa na chama changu cha akiba hakiwezi kunikopesha kiasi hicho. Tukikaa kimya tunabaki na bedsita.

Binti naye ameshachagua kitambaa, cha buluu kizito. Anataka pazia lake litoke dari hadi sakafu, bila upenyo. Nimemkatia, lakini sijashona.

Jibu linatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi. Wewe ungechukua kidogo kilichopo, kikavu na chenye choo ndani, au ungengoja cha kututosha huku mvua za masika zinakuja? Kama kuna msomaji aliyekataa chumba kidogo akapewa kikubwa baadaye, naomba aniambie alingoja muda gani na aliandika barua kwa nani. Na la mwisho, ambalo siwezi kumuuliza mtu mwingine: nimwambie mume wangu kuhusu lile gunia kabla hajatia sahihi, au nitunze siri ya mama yake kama alivyoniomba?

Mshona Mapazia,
Mukuru kwa Njenga, Nairobi